Hesabu ya kwenye slipu na hesabu ya kitandani

Barua za mwezi huu zimekuja za aina mbili. Nyingi zinauliza kodi ya mshahara: imetoka wapi, mbona kubwa, nani kaipigia hesabu. Chache zinauliza jambo zito kuliko kodi: je, sheria imruhusu mgonjwa asiyepona asaidiwe kufa? Nilitaka kuzijibu kwa nyakati mbili tofauti. Kisha nikasoma barua ya dada wa Morogoro, ambayo mtaikuta katikati, nikaona zinakaa pamoja. Nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka mingi, na nimemuuguza mama yangu mzazi nyumbani mpaka siku yake ya mwisho. Nawajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Hesabu za Tanzania zilizomo humu ni za Bara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021.

Mshahara wangu ni shilingi 1,000,000, sina posho yoyote. Benki inaingia 647,000. Nikiuliza ofisini naambiwa "ndiyo makato hayo". Naomba nione 353,000 yangu imekwenda wapi. (Mwajiriwa wa kampuni, Kibaha)

Chukua kalamu, kaka. Kila mfanyakazi angepaswa kufanya hesabu hii walau mara moja maishani kwa mkono wake.

Kinachotoka kwanza ni mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 100,000. Mwajiri anaongeza 100,000 nyingine kutoka mfukoni mwake, ambayo haihusiani na mshahara wako. Mchango wako unatolewa kabla ya kodi, na hapo ndipo wengi wanapotea njia. Kodi haipigwi kwenye milioni nzima, inapigwa kwenye 900,000 iliyobaki.

Sasa iweke hiyo 900,000 kwenye ngazi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Kuanzia 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Kuanzia 760,000 hadi milioni moja ni asilimia 25, na wewe una 140,000 tu ndani ya ngazi hiyo, kwa hiyo 35,000. Zinazozidi milioni moja hutozwa asilimia 30, lakini wewe hujafika huko. Jumlisha: 20,000 na 48,000 na 35,000 ni 103,000. Hiyo ndiyo PAYE yako, kodi ya mshahara ya kila mwezi.

Mpaka hapo zimetoka 203,000. Zilizobaki kufikia 353,000 ni 150,000, na hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wako. Bila shaka ulisoma chuo kwa mkopo, na hayo ni marejesho ya Bodi ya Mikopo. Deni hilo halipunguzi kodi hata senti moja, linakatwa baada ya kodi kukokotolewa.

Kwa hiyo ofisi yako haijakuibia. Lakini imekukosea kwa kukujibu hivyo. Mtu anayefanya kazi siku ishirini na mbili kwa mwezi ana haki ya kuonyeshwa mistari mitatu ya hesabu, na mhasibu anayeshindwa kuionyesha kwa dakika tano ajiulize kama yeye mwenyewe anaielewa. Na ukipata posho ya fedha siku moja, ya nyumba au ya usafiri, kumbuka kuwa nayo kwa kawaida ni sehemu ya mapato na inaingia kwenye hesabu hiyo hiyo.

Mimi ni mtumishi wa umma, nipo kwenye kima cha chini kipya cha 500,000. PAYE yangu iwe ngapi? (Singida)

PSSSF, mfuko wa hifadhi ya watumishi wa umma, unachangia asilimia 5, yaani 25,000. Inabaki 475,000. Toa 270,000 isiyotozwa, inabaki 205,000. Asilimia 8 yake ni 16,400. Slipu ikionyesha 18,400, maana yake wamesahau kutoa mchango wako kwanza.

Bosi anataka kunipandisha cheo. Nitavuka milioni moja, na rafiki yangu ananiambia nikivuka nitakatwa asilimia 30 ya mshahara wote, bora nibaki nilipo. Ni kweli? (Mwanza)

Si kweli, na tafadhali usikatae cheo kwa sababu hiyo. Nimeshuhudia fundi mmoja hodari akikataa saa za ziada mwaka mzima kwa woga huu huu, na nilipokuja kugundua nilisikitika mno, maana watoto wake walikuwa shuleni na ile fedha ingewafaa.

Mfano niliomwonyesha yeye ni wa ndoo. Panga ndoo tano chini ya bomba. Ya kwanza ikijaa, maji yanamwagikia ya pili, ya pili ikijaa yanakwenda ya tatu. Kila ndoo ina bei yake, na maji yaliyoko kwenye ndoo ya kwanza hayabadiliki bei eti kwa sababu ya tano imeanza kupata maji.

Kwa tarakimu: chukua mapato ya kutozwa kodi ya 990,000, baada ya NSSF. Kodi yake ni 125,500. Yakipanda yakawa 1,010,000, kodi ni 131,000. Umeongezewa 20,000, kodi imeongezeka 5,500, mkononi umebaki na 14,500. Hakuna mahali popote kwenye ngazi hizi ambapo nyongeza inakuacha na kidogo kuliko ulichokuwa nacho jana. Pokea cheo, na hongera.

Nalipwa KSh 50,000 hapa Nakuru. Payslip yangu inaonyesha PAYE ya 6,483.35. Jirani yangu wa mshahara sawa na wangu anakatwa 5,845.85. Nani yuko sawa?

Jirani yako. Swali lako limenifurahisha kwa sababu tofauti hiyo ina tarehe yake.

Wote wawili mnakatwa NSSF 3,000, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 1,375, na ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 ambao ni 750. Mpaka mwishoni mwa Desemba 2024 ni NSSF peke yake iliyokuwa ikitolewa kabla ya kodi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 ya mwezi huo ilisema SHIF na ushuru wa nyumba nazo zitolewe kwanza. Kwa hiyo mapato yako ya kutozwa kodi ni 44,875, wala si 47,000.

Tuipige. Elfu 24 za mwanzo kwa asilimia 10 ni 2,400. Zinazofuata 8,333 kwa asilimia 25 ni 2,083.25. Zilizobaki 12,542 kwa asilimia 30 ni 3,762.60. Jumla 8,245.85. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, unapata 5,845.85.

Mwajiri wako bado anatumia fomula ya zamani, na inakugharimu 637.50 kila mwezi, yaani 7,650 kwa mwaka. Mwandikie kwa adabu, muonyeshe hesabu hii. Na mwaka ukiisha, linganisha fomu ya P9, ile ya mwajiri yenye muhtasari wa mapato na kodi yako ya mwaka, na payslip zako kabla hujajaza ritani kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi. Mwisho wa kujaza ni tarehe 30 Juni, na usiungoje.

Kwenye slipu yangu kuna mstari umeandikwa SDL na mwingine WCF, na vyote vinanipunguzia mshahara. Ni halali? (Kahama)

Hapana. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ni mizigo ya mwajiri, na anailipa kutoka kwenye fedha za kampuni. Wakati mwingine programu ya mishahara huonyesha mistari hiyo kwa taarifa tu, bila kukukata, kwa hiyo jumlisha kwanza makato yako uone kama imo kweli. Kama imo, tunza slipu za miezi yote, mwende wawili au watatu kwa afisa kazi wa mkoa. Mkiwa zaidi ya mmoja mtasikilizwa mapema.

Nachora michoro ya matangazo kwa kampuni moja, nalipwa 600,000 kwa mwezi kwa ankara. Wananikata asilimia 5 tu. Wenzangu walioajiriwa wanakatwa zaidi. Je, mimi nimeshamalizana na kodi? (Dar es Salaam)

Bado, mdogo wangu. Hiyo asilimia 5 ni kodi ya zuio, ni malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka. Kila wanapokukata 30,000 wadai hati ya zuio. Bila hati hiyo, fedha yako imekwenda na huna pa kuidai.

Mwaka ukiisha unakaa chini na kumbukumbu zako. Umeingiza 7,200,000. Tuseme umetumia 1,800,000 kwa intaneti, umeme, kompyuta na mengine ya kazi, na risiti unazo. Faida ni 5,400,000. Kwa mwaka, shilingi 3,240,000 za mwanzo hazitozwi. Inabaki 2,160,000, asilimia 8 yake ni 172,800. Wewe umeshazuiwa 360,000. Umelipa zaidi ya unachodaiwa, na ziada hiyo ya 187,200 ni yako kwa sharti kwamba una TIN, una risiti, una hati za zuio na umepeleka ritani.

Nina neno jingine kwako. Kama unaingia saa mbili, unatoka saa kumi na moja, meza na kompyuta ni za kwao na unaomba ruhusa ukienda msibani, basi wewe ni mwajiriwa hata kama karatasi inasema ankara. Kodi ndogo hiyo inakuja bila NSSF, bila likizo na bila uzazi. Fikiria mbali kidogo ya mwisho wa mwezi.

Mama yangu ana saratani. Kazini kwangu walinionea huruma, wakalipa bili yake ya hospitali ya 1,200,000. Mwezi huo huo nikakuta wameiongeza kwenye mapato yangu na kodi imeruka kutoka 56,000 hadi 398,000. Yaani nimekatwa kodi kwa kuuguza. Mama aliposikia akaniambia, "Mwanangu, mimi nawamaliza. Bora Mungu anichukue." Nifanye nini? (Morogoro)

Pole sana, mdogo wangu. Nianze na kodi, kisha nirudi kwa mama.

Sheria ya kodi ya mapato inasamehe matibabu yanayolipwa na mwajiri pale yanapokuwa ya mfanyakazi mwenyewe, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne, na yakitolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Mama na baba hawamo. Anayejua familia zetu zinavyoishi ataona pengo hilo mara moja: hapa kwetu anayeugua na kutegemea mshahara wa mtoto mara nyingi ni mzazi. Mimi naamini sheria hii inapaswa kubadilishwa, mzazi anayetegemea aingizwe, na kila nikipata nafasi ya kusema nalisema.

Lakini kwa sheria ilivyo leo, mhasibu wako hakukosea kuiongeza. Na pamoja na hayo hesabu yako bado ina jambo la kufuatilia. Kodi ya mapato ni ya mwaka, PAYE ya mwezi ni njia tu ya kuikusanya. Kodi ya 56,000 inaonyesha kuwa mapato yako ya kutozwa ni 700,000 kwa mwezi, kwa mwaka 8,400,000. Ukiongeza bili, 9,600,000. Kodi ya mwaka kwa kiasi hicho ni 936,000. Wewe, ukijumlisha miezi kumi na moja ya 56,000 na mmoja wa 398,000, utakuwa umelipa 1,014,000. Zimezidi 78,000, kwa sababu mwezi mmoja ulirushwa hadi ngazi ya juu ambayo kwa mwaka mzima wewe hukai. Andika hesabu hii kwenye karatasi moja, mpe mhasibu airekebishe ndani ya mwaka huu huu. Asipoweza, nenda nayo ofisi ya TRA ya mkoa.

Michango ambayo wafanyakazi wenzako walikutolea mifukoni mwao, kwenye bahasha au kwa simu, haimo katika hesabu hiyo. Ule ni upendo wao kwako, haukulipwa na mwajiri.

Sasa mama. Umesikia alichosema? Mgonjwa naye anapiga hesabu pale kitandani. Anahesabu ng'ombe waliouzwa, ada ambayo haikulipwa, nauli za kila wiki. Mama yangu alikuwa akiniuliza bei ya kila dawa niliyoingia nayo mlangoni, mpaka nikajifunza kubandua bei dukani kabla sijaondoka. Usimwambie tena mambo ya kodi. Mwambie kitu kimoja tu, kwamba yeye si gharama. Mwambie leo, na kesho umrudie.

Nchi zipi zimeruhusu eutanasia, hapa kwetu sheria inasemaje, na wewe msimamo wako ni upi? Naomba usizunguke. (Mwanafunzi wa sheria, Iringa)

Sizunguki, ila tutenganishe vitu viwili. Kuna daktari kumchoma mgonjwa sindano ya kumaliza uhai kwa ombi lake, hiyo ndiyo eutanasia. Na kuna daktari kumpa dawa ainywe mwenyewe, huko ni kusaidiwa kujiua. Jimbo la Oregon, Marekani, tangu 1997 linaruhusu hilo la pili tu. Uswisi, kwa kanuni ya adhabu iliyoanza 1942, humwadhibu anayemsaidia mtu kujiua pale tu anapofanya hivyo kwa manufaa yake binafsi. Uholanzi iliruhusu yote mawili mwaka 2002, Ubelgiji mwaka huo huo ikaruhusu eutanasia, na Kanada ikaruhusu yote mawili 2016. New Zealand waliwauliza wananchi kwa kura mwaka 2020, sheria ikaanza Novemba 2021.

Barani kwetu kesi ya kusoma ni ya Afrika Kusini, ya wakili Robert Stransham-Ford aliyekuwa na saratani ya tezi dume. Alikwenda Mahakama Kuu mjini Pretoria akiomba daktari aruhusiwe kumsaidia kufa. Tarehe 30 Aprili 2015 jaji akamkubalia. Kumbe yeye alikwisha kufariki mwenyewe saa chache kabla, mahakama haina habari. Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu, ikisema haki aliyokuwa akiidai ilikoma pamoja naye. Kila nikiisoma kesi hiyo natulia hapo penye saa chache.

Tanzania hakuna mlango. Kanuni ya Adhabu, kifungo cha 203, inasema anayeharakisha kifo cha mgonjwa amesababisha kifo chake, hata kama ugonjwa ungemuua tu. Ukikusudia, hayo ni mauaji. Kifungo cha 216 kinamhusu anayemsaidia mtu kujiua, adhabu yake hadi maisha. Kenya vifungo vya namna hiyo ni 213 na 225. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kuwa kosa la kujaribu kujiua linapingana na Katiba, na mimi naiunga mkono, maana aliyefikia hatua hiyo anahitaji daktari, wala si pingu. Lakini kumsaidia mwingine bado ni kosa.

Wanaotetea ruhusa siwaiti wauaji. Wapo waliokaa na mgonjwa ambaye dawa zote zilishindwa, mwenye akili timamu, anayesema wazi kwamba mwili huu ni wake na imetosha. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kusikilizwa, na anayemjibu kwa kumkemea hajamjibu.

Mimi naipinga kwetu, na sababu yangu ni ile barua ya Morogoro. Sheria hizi zote zimesimama juu ya neno moja, hiari. Mama anayejua kwamba shamba la mwisho litauzwa Jumatatu kwa ajili yake, akisema "naomba nife", je, hiyo ni hiari yake au ni bei ya shamba inayosema? Daktari aliyekutana naye mara mbili atawezaje kutofautisha? Kanada ilianza na wale ambao kifo chao kilikuwa karibu, na Machi 2021 ikaliondoa sharti hilo. Watu wengi wenye ulemavu huko walipinga, wakisema wanarahisishiwa kufa kabla ya kurahisishiwa kuishi. Kama hofu hiyo ipo kwenye nchi yenye matibabu ya umma kwa wote, sisi tunaolipia kitanda kabla ya kulazwa tuna sababu zaidi ya kuogopa.

Ukiuliza tutunge sheria gani basi, nitakujibu hivi: ya kuhakikisha dawa ya maumivu inafika kila wilaya. Hilo nitalieleza kwenye barua ya mwisho.

Assalaam alaikum. Kaka yetu alipata ajali ya bodaboda. Madaktari wakasema ubongo umekufa, kinachopumua ni mashine. Nilisaini izimwe. Mama hasemi nami tangu siku hiyo, anasema nimemuua mwanawe. Nimefanya eutanasia? (Tanga)

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Hukumuua. Eutanasia ni kukusudia kumaliza uhai wa aliye hai. Wewe uliondoa chombo kilichokuwa kikisukuma pumzi kwa mtu ambaye madaktari walithibitisha amekwisha kuondoka. Baraza la kimataifa la fiq'hi ya Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lililitazama jambo hili hili, likaamua kwamba ubongo ukikoma kazi zake zote na madaktari mabingwa wakathibitisha hautarudi, inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo bado unadunda kwa nguvu ya chombo. Kwa wasomaji Wakatoliki, Papa Pius wa 12 alilieleza mwaka 1957 alipozungumza na madaktari wa usingizi: hakuna wajibu wa kushikilia njia zisizo za kawaida pale ambapo hazina tumaini.

Usiende kwa mama peke yako na maneno haya. Mwombe sheikh anayemheshimu, na kama inawezekana yule daktari aliyekuwa zamu, mkae naye alasiri moja. Mama hajawahi kuelezwa na mtu yeyote kile kilichotokea kichwani mwa mwanawe. Amepewa maiti tu.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee Leicester, Uingereza. Wakipitisha sheria ya kusaidia watu kufa, nitalazimishwa kushiriki?

Hapana. Muswada uliopita Bunge la chini Juni 20, 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, ulimlinda asiyetaka kushiriki. Nao ulihusu England na Wales tu, mtu mzima aliyebakiza miezi sita au pungufu, madaktari wawili na jopo, na mgonjwa ajipe dawa mwenyewe. Kura hiyo peke yake haikuufanya kuwa sheria. Mpaka muswada wa namna hii uvuke Bunge la juu, la Mabwana, na upate idhini ya Mfalme, kumsaidia mtu kujiua huko ni kosa chini ya sheria ya 1961, kifungo hadi miaka 14. Mzee akikuambia anatamani kufa, mwarifu nesi wako siku hiyo hiyo. Usilibebe peke yako.

Shikamoo mama. Mama yetu ana saratani ya mlango wa kizazi, hospitali wamesema turudi nyumbani. Zahanati wanatupa panado. Usiku analia mpaka majirani wanaamka, anasema tumtafutie dawa alale asiamke. Mdogo wangu ameanza kusema labda tumsikilize. Nimechanganyikiwa. (Mbeya vijijini)

Marahaba mwanangu. Nisomee na mdogo wako akiwepo.

Mama anaomba maumivu yaishe. Kabla hamjasikia kingine chochote ndani ya maneno yake, sikieni hilo. Panado kwa saratani iliyofika hapo haitoshi, na dawa inayotosha ipo, inaitwa mofini. Ni unga unaochanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, huichanganya. Uganda walionyesha njia: Dkt. Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala mwaka 1993 kwa dawa hii ya maji, na tangu 2004 manesi waliofunzwa kwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe, ndiyo maana inafika hadi kijijini. Huduma hii kwetu inaitwa tiba shufaa. Haiponyi saratani. Inamrudishia mgonjwa usingizi, sauti yake na hamu ya uji.

Mama yangu alipewa kwenye chupa ndogo ya plastiki na bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia. Nesi alichana boksi la sabuni, akaandika kwa kalamu nyekundu: saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili, na ya kulalia saa nne usiku iwe maradufu ili alfajiri isimkute na maumivu. Akatupa na dawa ya kulainisha choo, akisema msiiache hata siku moja maana mofini inafunga tumbo. Usiku wa kwanza nilikaa macho nikimsikiliza, nikidhani amekufa kwa jinsi alivyolala kimya. Asubuhi aliomba kioo na kitana. Aliishi nasi wiki tisa baada ya hapo, na ile kauli ya kutaka kufa hakuirudia.

Watu watawaambia mofini inaua au itamfanya teja. Ikipimwa na mtaalamu na kunywewa kwa saa zake, inatuliza maumivu. Sheria ya nchi haimkatazi daktari kumtuliza mgonjwa. Msimpe dawa ya mtu mwingine, msiongeze kipimo wenyewe, na chupa ikae juu, mbali na watoto.

Kesho asubuhi mmoja wenu aende hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda pale Mbeya, mwingine abaki na mama. Achukue karatasi za vipimo, barua ya hospitali iliyowarudisha nyumbani, na daftari. Leo usiku andikeni humo saa anazolia, mahali panapouma, na alichokula. Akifika asiseme tu "mama anaumwa". Aseme, "Mgonjwa wetu ana saratani, ana maumivu makali usiku, tunaomba kitengo cha tiba shufaa." Wakisema hakuna dawa, aulize iko hospitali gani, na aombe barua ya kwenda huko kabla hajatoka mlangoni. Kisha niandikieni mmepata nini.